Nyasi Mkononi

Nilipofika na ndoo yangu, Ismaili, mmoja wa wageni wa mjini, alikuwa ameinua shoka mbele ya mkuyu wa chemchemi yetu, huku juu ya kijiji cha Ganako.

Hao watu walioletwa kutoka Dar na Nguvu Kazi, kampeni ya serikali ya kuwapeleka wasio na kazi wakalime, walikuwa wamekwishakata miti ya mteremko mzima, wapate mashamba na mkaa. Ulibaki huo mmoja, na maji yetu yalitoka chini ya mizizi yake.

"Mwanangu, ukiuangusha huo, maji yataondoka."

"Kwani mama, maji yana miguu?" Akacheka. "Mie nataka nyumba yangu iishe kabla ya mvua."

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye ukingo wa kreta, mzito kama maziwa, hata nikaona kama mti unaelea. Sikubishana naye. Niliinama nikang'oa nyasi mbichi, nikazinyanyua mbele yake kwa mikono miwili. Kwetu Wamaasai, ukinyanyuliwa nyasi hivyo umeombwa amani, na hata uwe na hasira namna gani, unashusha mkono.

Akazitazama. "Mama, mimi si mbuzi wako."

Nilicheka na mimi, lakini mikono sikuishusha. Umande ukanitiririka mpaka kwenye viwiko.

Ndipo akatazama chini. Alikuwa na viatu vyake vya mjini, vya kisigino kirefu kama walivyovaa vijana wa Dar siku hizo, na pale visigino vilipozama maji yalikuwa yanachipuka polepole, safi, yakitoa vipovu vidogo kama pumzi za mtoto aliyelala.

Akainua mguu mmoja. Alama ya kiatu ikajaa maji mpaka ukingoni.

"Na hizo nyasi, mama," akauliza kwa sauti ndogo, "mtu huwa anazipokeaje?"