Mpangaji Aliyependa Sura ya Kaisari

Haya alinisimulia mama mkwe wangu tukichambua dengu, mwaka ule nilipoolewa. Naye aliyapata kwa bibi yake, aliyeishi hapa hapa kwetu Yudea watu walipomwasi Kaisari.

Nyundo ilikuwa ikilia chumbani kwa Yakim tangu asubuhi. Shapira, mwenye nyumba, alijibanza nyuma ya mlango, akisikiliza. Fundi viatu gani huyu, anapiga pigo moja zito, kisha kimya?

Si hilo tu. Dinari mpya za waasi, zenye kishada cha zabibu, mpangaji huyu alizikataa. Alitaka za Kirumi, zenye sura ya Kaisari, na aliyemletea aliongezewa kitu juu.

"Mama Nehunya," jirani yake Matati alimtania kisimani, "mpangaji wako kaipenda pua ya Kaisari! Harusi lini?" Kisha akashusha sauti. "Angalia, asije akawa mpelelezi. Maana mwanao yuko mapangoni na waasi wenzake, au siyo?"

"Nehunya yuko aliko," Shapira alijibu, akajitwika mtungi.

Alikuwa mwanawe wa pekee. Akikosea juu ya mgeni huyu, hatamwona tena. Na siku zilikuwa zinamwishia.

Yakim alipotoka kutafuta mkaa, Shapira aliingia chumbani, akainua ngozi ya kondoo. Chini yake palikuwa na mihuri miwili ya chuma ya kugongea sarafu, na vipande vya fedha. Akaokota kimoja. Kilikuwa na nguzo za Hekalu, lile Warumi walilolichoma mama yake akiwa mtoto. Katikati ya nguzo, sikio la Kaisari lilikuwa bado linachungulia.

"Umeona, mama."

Yakim alikuwa mlangoni.

"Nimeona." Machozi yalimtoka Shapira. "Ashukuriwe Mungu! Nilidhani wewe ni mtu wao."

"Mimi? Mimi nampiga Kaisari usoni kutwa nzima!" Yakim alicheka, akamfumbata vidole juu ya kile kipande. "Mpe Nehunya. Mwambie Hekalu limesimama tena."

Shapira alikifunga kwenye pindo la ushungi wake.

Kulipokucha aliteremka bondeni hadi kambi ya Warumi, akakiweka mezani kwa akida.

"Yuko nyumbani kwangu," alisema. "Sasa nipeni mwanangu, kama mlivyoahidi."

Adhuhuri Nehunya alirudi, amekonda, alama za minyororo mikononi. Alikula dengu bila kuuliza kitu, akajinyoosha kwenye mkeka wa Yakim, akalala.