Kadi ya Siwema

"Kuna sindano moja iliwahi kumvimbisha koo mwanangu," Mwanahawa alimwambia nesi. "Jina lake silijui. Liliandikwa kwenye kadi."

"Kadi iko wapi, mama?"

Mwanahawa aliinamisha kichwa. Aliiwashia jiko, siku ile hospitalini walipomwambia kila kitu kimeshaingia kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa katika jengo la zamani, ng'ambo ya uwanja. Hapa wodini fundi Kibwana alibonyeza tena kompyuta ndogo. "Nikiiita inaitika. Ila wodi hii mpya wameiwekea mtandao wake, na faili linakataa kuvuka. Ngoja, mara hii litakubali."

"Nusu saa unasema mara hii!" Mwanahawa alimkatiza. "Si uende kwa miguu, baba? Mtoto anaungua!"

Kibwana akatoka mbio.

Kitandani Siwema alikuwa akihema kwa kukoroma. Nesi alitazama saa, akavunja shingo ya kichupa, akavuta dawa ndani ya bomba la sindano. "Siwezi kungoja zaidi, mama."

Ng'ambo ya uwanja Kibwana alitokeza mlangoni, akipunga mikono yote miwili. Kinywa chake kilifunguka na kufungika, lakini dirisha la wodi lilikuwa limefungwa.

Mwanahawa aliushika mkono wa nesi.