Ukuta Ulioinama Jichoni

"Kama huo ukuta umeinama, basi hata mimi nimeinama!" Ottilia alisimama katikati ya uwanja, akajipinda kiuno ili majirani wacheke. Wakacheka.

"Cheka tu, mwanangu," Hildegardi alisema. "Mimi ndiye ninayeishi chini yake."

Ukuta wenyewe aliujenga Wendelin, mume wa Ottilia. Hildegardi ndiye aliyesimamia ndoa yao, na mtoto wa jicho alipomfunika macho, alimwachia Wendelin kila kitu: mchanga, saruji, hata ufunguo wa stoo. Nyumba yake ilipanda yeye akiona ukungu tu. Mwaka huohuo jiko la Ottilia nalo likapata sakafu ya saruji. Watu wakasema, fundi anampenda mkewe.

Kisha Elias, mwanawe Hildegardi, akampeleka Dar, jicho la kulia likafanyiwa upasuaji kwa leza. Alirudi kijijini kwao Ruanda akiona hadi sisimizi kwenye kahawa iliyoanikwa. Ndipo alipouona ukuta wa sebuleni umelalia ndani.

"Ni jicho hilo, mama," Wendelin alimwambia kwa upole. Mbele ya watu alipanda ngazi, akateremsha timazi, kile kizito cha kupimia unyoofu wa ukuta, akaizungusha kamba yake mkononi kabla haijaacha kubembea. "Mmeona? Umenyooka."

Wachache walikunja uso. Lakini nani aanzishe ugomvi na fundi pekee wa kitongoji?

"Umenyooka!" Ottilia akaitikia, sauti ikafika mpaka kwenye mashine ya kusaga.

Hildegardi alifunika jicho la kulia ili la kushoto lisaidie. La kushoto, lenye mtoto wa jicho bado, likampa ukungu uleule.

Akaenda kliniki Mbinga mjini. Daktari alimpima, akamweleza taratibu: pale palipokatwa wakati wa upasuaji, kioo cha mbele cha jicho kimevutwa upande. Ni astigmatizimu, kitu kilichonyooka kinaweza kuonekana kimelala. Miwani ingefuata baadaye.

Alilia njia nzima nyuma ya bodaboda. Leza aliyoisifu hadi kanisani imemgeuka, imemfanya amchafue kijana wake mbele ya kijiji! Akaona kosa la hadharani liombewe radhi hadharani. Jumapili akachinja jogoo, akapika wali, akaunga na samaki, mbasa walioletwa kutoka Mbamba Bay, akaita kila mwenye mdomo.

Mvua ikawasukuma wote ndani. Walibanana kama harusini, sahani zikipita juu ya vichwa. Ottilia, aliyepewa kiti cha heshima, aliegemeza mgongo kwenye ukuta uleule, akajipinda tena kiuno. Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Na mumeo yuko wapi?" Hildegardi aliuliza.

Wendelin alikuwa bado uwanjani, shati limemgandia mwilini. Hildegardi akasimama mlangoni, kanga kichwani.

"Mwanangu, kumbe jicho langu ndilo bovu, kazi yako haina neno. Nisamehe. Karibu ndani tule."

Wendelin hakumtazama. Alikuwa akitazama juu, pale ukuta unapokutana na bati, maji yakichuruzika.

"Ottilia," aliita. "Inuka polepole, mke wangu. Njoo tule huku nje."