Hewa Kwenye Breki

Matanga yalipoanuliwa, Bi Mosi aliletewa pikipiki ya mwanawe Hatibu, taa imevunjika.

Asubuhi ya ajali Hatibu alimwita, kama kawaida, ambanie breki huku yeye akilegeza nati atoe hewa iliyofanya breki isishike. "Ngoja nigeuze chapati," alimjibu. Hatibu hakungoja, akaondoka nayo hivyo hivyo.

Sasa Bi Mosi alibana breki mwenyewe, akaifunga kwa kipande cha kanga, akainama na spana.

"Umebana, mama?" alijiuliza, kama Hatibu alivyozoea kumuuliza.

"Nimebana."

Akalegeza nati, mafuta yakatoka na mapovu. Akakaza, akabana tena. Alirudia hadi mafuta yakatoka bila mapovu na breki ikawa ngumu mkononi.

"Mama Hatibu, chapati inaungua!" jirani aliita.

Bi Mosi hakuiachia breki.