Fundo la Mfukoni

Nilikuwa nimeshalivaa koti vidole vyangu vilipogusa fundo la uzi ndani ya mfuko.

Mwezi mzima nilikuwa nikichora daftarini nguo zangu za kipupwe: nguo tano tu, zote za wabunifu, kila moja ivalike na zile nyingine. Koti hili la sufu nyeusi, nililolikuta katika duka la mitumba ya kifahari hapa Melbourne, ndilo lingezibeba zote.

"Tazameni mama wa maandamano ya washonaji, leo kawa mke wa wakili!" shoga yangu Bích alinitania. "Hebu geuka tukuone."

Sikugeuka. Fundo lilikuwa na mizunguko mitatu, mkia umekatwa mshazari. Sisi tulioshonea majumbani, kila mmoja alificha fundo lake mfukoni, wakala aliyetugawia kazi asije akakana kwamba nguo tumeishona sisi. Hili lilikuwa langu.

Miaka ishirini iliyopita wakala aliniambia nimeliharibu koti hili, limetupwa jalalani, na sina malipo wala kazi tena. Hata rangi ya shati lake sijaisahau.

Sasa sikujielewa. Nilitaka kulikumbatia, nilitaka kulichana. Nilinunue jasho langu mwenyewe?

"Limekukaa hasa, mama," alisema muuzaji. "Mbunifu alilishona kwa mikono yake."

"Dada, mbona umepauka?" Bích aliuliza. "Unalichukua au unaliacha?"

Nilifunga vifungo vyote hadi kooni, nikaipita kaunta ya malipo, nikaelekea mlangoni.