Figo Sugu

"Bado nyekundu," alisema daktari, akiinua chupa ya mkojo kwenye mwanga wa dirisha. "Leo huondoki."

"Jumamosi lazima niwe nyumbani!" alifoka mgonjwa. Mtaani walimwita Kauli, kwa sababu kwake akishasema yeye, hakuna mwingine wa kusema.

Jumamosi binti yake mkubwa alitaka kuolewa na fundi gereji. Kauli alikuwa ameapa kwamba ndoa hiyo haifungwi yeye akiwapo. Alimkimbiza fundi uani na rungu mkononi, akateleza, akaangukia ukingo wa pipa kwa ubavu. Fundi ndiye aliyembeba hadi hospitali. Kauli alimtukana njia nzima.

Figo ilikuwa imechubuka.

"Wengi wa namna hii hupona kwa kulala tu," daktari aliwaambia wanafunzi waliozunguka kitanda. "Mkojo ukisafika, mtu anakwenda zake. Lakini huyu! Maumivu hana, presha nzuri, na rangi inazidi kukolea. Hii ni figo sugu."

Mashine ya kupimia mkojo ilikuwa mbovu, hivyo chupa zilipangwa dirishani, zikatazamwa kwa macho. Mwanafunzi mmoja aliuliza mgonjwa anakula nini. Daktari alimkazia macho mpaka akainama.

Mkewe Kauli alikuja kila asubuhi na themosi.

"Kunywa, mume wangu. Inaongeza damu, na wewe unaipoteza nyingi."

"Na hao wapuuzi wako huko nyumbani?"

"Wewe lala. Bila wewe nani atathubutu?"

Kauli alikunywa yote. Nesi alilalamika kwamba foronya za mzee huyu zina madoa yasiyotoka.

Jumamosi alijaribu kutoroka. Walimdaka mlangoni, daktari akamshikia chupa mbele ya pua.

"Ukitembea na hii, utadondoka njiani."

Kauli aliitazama, akanywea, akarudi kitandani kwa miguu yake.

Jumapili mkewe hakuja. Jumatatu mkojo ulikuwa safi kama maji ya kisima. Daktari alivisifu vidonge vyake vipya, akasema figo hiyo ataieleza kwenye mkutano mkuu wa madaktari.

Kauli alifika nyumbani akakuta turubai linashushwa na viti vinapakiwa. Alipiga kelele sebuleni mpaka sauti ikamkauka. Binti mdogo alimletea maji ya kunywa, naye akaambulia matusi.

Jikoni, fundi alikuwa ameinamia kiroba kilichojaa nusu.

"Mama, hizi bitiruti zilizobaki nizitupe?"

Mama mkwe wake aliendelea kusuuza themosi.

"Ziache hapo hapo, mwanangu. Shemeji yako naye ana mchumba."