Picha ya Salha

Siku hizi, kwa sheria, kila kamera husafisha anga: nyota hubaki, vilivyorushwa na binadamu hufutwa. Salha ana mwaka wa tatu kazini kwenye chombo kinachoizunguka dunia. Jioni kilipopita juu ya Singida, mama yake, Mwanaidi, alikipiga picha akiwa uani. Mstari mwembamba wa mwanga ulitokea kiooni, ukafutika. Akarudia mara nne, mpaka chombo kikatoweka.

Simu ikalia.

"Mama, umenipata? Wenzangu wanasema huko chini hatuonekani tena."

"Waongo hao! Nimekuona kwa macho yangu, unakwenda mbio kama uliyetumwa chumvi."

"Basi nitumie picha, niwaoneshe."

Mwanaidi akaitazama picha ya mwisho. Nyota zote zilikuwa mahali pake, safi, zimetulia.

"Mama? Bado upo?"